Upindo wa Ghorofa ya Tatu

Jengo jipya lilipofunguliwa, watu wa mtaa walihesabu magari yaliyoingia na makochi yaliyoshushwa. Bi Pindo alihesabu madirisha. Alisimama mlangoni pa duka lake la mapazia, ng'ambo ya barabara, sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa gauni, akaanzia ghorofa ya kwanza akapanda taratibu hadi ya tano. Nyumba thelathini, kila nyumba madirisha manne, na karibu yote yalikuwa uchi.

"Wifi," aliita bila kugeuza shingo, "njoo uone watu wanavyolala na magazeti."

Wifi yake alitoka chumba cha nyuma na mkasi mkononi. Alikuwa dada wa mumewe, mtu wa ulimi mkali na mshono ulionyooka kama njia ya siafu. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya masafa. Alionekana nyumbani siku mbili kwa mwezi, na siku hizo mbili alikubaliana na kila mtu.

Kweli, wapangaji wa mwanzo walikuwa wamebandika magazeti kwenye vioo. Wengine walitundika shuka. Mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa ametundika taulo kubwa lenye picha ya simba.

"Huyo wa taulo ni kapera," Wifi akasema. "Au kaachwa juzi."

"Hujamwona hata sura."

"Nimeona taulo."

Walicheka, lakini jicho la Bi Pindo halikubanduka kwenye jengo. Wiki iliyopita mwenye nyumba lilimokuwa duka lake, mzee waliyemwita Mzee Funguo kwa sababu alisikika kabla hajaonekana, alikuja na habari zake. Kuna muuza simu alikitaka chumba cha nyuma. Kwa kuwa Bi Pindo alikuwa mpangaji wake wa miaka kumi na miwili, alimpa heshima yake: hadi mwisho wa mwezi ujao atoe jibu, anabaki na vyumba vyote viwili au anajibana kwenye cha mbele. Na kusema haki, mzee hakukosea kuuliza. Kati ya cherehani tatu za kule nyuma, moja ilikuwa imeanza kulala siku nne kwa wiki. Lakini chumba kikienda, cherehani zinaenda. Cherehani zikienda, Wifi na mshonaji mwenzake wanarudi nyumbani, na Bi Pindo anarudi kushona ukingoni mwa kitanda chake, alikoanzia. Kwamba alianzia kitandani hakuona aibu kulisimulia. Kurudi huko, neno lenyewe hakutaka hata kulionja mdomoni.

"Yale madirisha ni yetu," alisema. "Wenyewe tu ndio hawajajua."

Jumapili hiyo akaita kikao sebuleni kwake. Kikao cha Bi Pindo hakijawahi kuwa cha watu watatu. Walioitwa walikuwa wanne, waliokuja walikuwa kumi na mmoja, na jirani mmoja aliyepita kuazima ngazi akakaa hadi mwisho na ndiye aliyetoa mawazo mengi kuliko wote.

Wa kwanza kusimama alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye alikuwa na kigari chenye spika mbili juu ya paa. Kigari hicho kilitangaza kila kitu mjini, kuanzia mnada wa viatu hadi mbuzi aliyepotea.

"Shemeji, wewe nipe siku kumi na mbili tu," alisema, mkono kifuani. "Mtu akiwa bafuni atasikia. Akiwa chini ya kitanda atasikia."

"Wa chini ya kitanda hahitaji pazia," Wifi akajibu.

Halafu akasimama binti mkubwa wa Bi Pindo, ambaye tangu amalize chuo cha biashara ukoo mzima ulimwita Profesa, nusu kwa fahari, nusu kwa kumchokoza. Alikuwa amechora ukurasa mzima wa daftari: vipeperushi, picha za simu, kundi la simu la wapangaji, bango, punguzo la bei, gari la matangazo, kupima madirisha bure. Mbele ya kila jambo aliacha nafasi ya kutia alama.

"Mama, njia ni nyingi, ila hazifanani kazi. Moja inaita watu wa mbali, nyingine inamtuliza aliye karibu. Duka letu ni dogo. Tia alama kwenye tatu zinazoshikana mkono, tuziache hizo nyingine."

Bi Pindo aliutazama ukurasa kama mtu aliyeletewa sinia la shanga akaambiwa achague tatu.

"Kwa nini tatu? Tia zote."

"Mikono ya zote hatuna, Mama."

"Mikono niachie mimi."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea akiwa anatabasamu.

Jina la Bi Pindo halikuokotwa barabarani. Mafundi wengi hupima dirisha, wakashona pazia likaisha, wakalipeleka kutundikwa. Yeye hakumaliza pazia dukani hata siku moja. Alilipeleka likiwa limeshikizwa chini kwa nyuzi za muda tu, akalitundika, akaliacha lishuke na kuzoea uzito wake. Kisha aliketi sakafuni na sindano, akashona upindo pale pale, akifuata sakafu ilivyo na si inavyosemwa. "Kila sakafu inasema uongo," alipenda kuwaambia wateja, "na fundi aliyeimwaga ndiye shahidi wake." Kazi hiyo ilichukua saa mbili kwa kila nyumba, wakati mwingine tatu ikiwa mwenye nyumba ana habari nzuri za watu.

Sasa alipotafuta mikono, macho yakamwangukia kwenye saa hizo. Akafanya hesabu ya haraka kichwani. Kama upindo utashonwa kwa cherehani dukani na Wifi ndiye atakayetundika, yeye atapata siku nzima ya kusimama mlangoni kupokea umati wa Shemeji.

"Una uhakika?" Wifi akamwuliza, nyusi moja juu.

"Mimi na uhakika tumezaliwa siku moja."

Jumatatu kigari kikaanza kunguruma. Vipeperushi vikamwagwa hadi vikaziba mifereji. Bango likapanda, la manjano, refu kuliko duka lenyewe. Na watu, kwa kweli, wakaja. Duka lilijaa hadi Bi Pindo akawa anazungumza na watu watatu kwa mpigo, mmoja kwa mdomo, mmoja kwa macho, mmoja kwa mkono. Alikuja mwanamume aliyetaka kifuniko cha kiti cha pikipiki. Wakaja akina mama wawili wenye shida ya mikoba ya shule. Mwanamke mmoja alikuja siku tatu mfululizo kupapasa vitambaa, mpaka ikagundulika kwamba kwake kuna joto na dukani kuna feni. Kijana mmoja alitoka ng'ambo ya mji kuja kuuliza lile gari la matangazo linakodishwaje.

"Unaona watu?" Bi Pindo alimwambia Profesa, paji limelowa, furaha tele.

"Naona, Mama. Nimewahesabu. Siku kumi na mbili, wameingia watu mia na sita. Kutoka pale mbele," akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara, "wanne. Aliyeagiza, mmoja."

Mmoja huyo alikuwa nesi wa ghorofa ya tatu. Na pale mbele, madirisha yalikuwa yameanza kuvaa. Siyo nguo za Bi Pindo. Yalivaa mapazia ya pakiti kutoka duka kubwa la katikati ya mji, yote rangi moja ya majivu, yote yamekatwa urefu mmoja kana kwamba madirisha yote duniani yametoka tumbo moja. Bi Pindo aliyahesabu asubuhi, akayahesabu tena jioni. Yalikuwa yameongezeka mawili.

Jumatatu nesi alivuka barabara. Alikuwa bado na sare ya kazi, viatu vyeupe mkononi, ndala miguuni. Alikaribishwa kiti, akakaa, akasifia feni, akauliza habari za watoto. Bi Pindo alimwacha amalize mizunguko yake.

"Mapazia ni mazuri," nesi akasema mwishowe.

"Lakini. Itoe hiyo lakini, dada, imekukaa shingoni."

Nesi akacheka kwa aibu. "Uliwahi kumshonea dada yangu. Yeye ndiye aliyeniambia, siku Bi Pindo akija kutundika, fagia nyumba na uazime viti, maana utapata wageni. Basi nikabadilishana zamu na mwenzangu. Nikawaambia majirani. Nikaazima viti sita kwa mwalimu wa mlango wa pili. Akaja wifi yako na fundi wa keekee, yule wa kutoboa kuta. Akanisalimia vizuri tu, akafunga mlango kwa ufunguo. Majirani wakagonga, akawajibu kwa ndani kwamba kazi inaendelea. Baada ya saa moja akaaga. Nikabaki na viti."

Hapo sauti ya Wifi ikatoka chumba cha nyuma.

"Mimi siwezi kupanda ngazi watu wananitazama miguu."

"Miguu yako ina nini?" Bi Pindo akauliza.

"Ina haya."

Nesi aliangalia viatu vyake. "Halafu kuna hili. Pazia la kushoto linaelea. Si sana, kidole kimoja tu. Mume wangu hajaliona. Ila mimi nikirudi kazini nikikaa, sioni kingine."

Maneno ya viti Bi Pindo aliyapokea kwa kichwa. Hili la kidole lilimgusa jina lenyewe. Miaka kumi na miwili, na hakuna nyumba mjini ambayo pazia lake liliwahi kuelea. Alimshika nesi mkono kwa mikono yake miwili.

"Jumamosi uko nyumbani?"

"Asubuhi nipo."

"Viti usivirudishe."

Nesi alipoondoka, Profesa alikuwa ameshika daftari la vipimo, lile nene lenye jalada lililoshonwa kwa kitambaa kwa kuwa karatasi yake ilikufa zamani. Alikuwa ameenda kutafuta urefu wa pazia la kushoto, akakutana na kitu kingine. Pembeni mwa vipimo vya kila mteja, kwa mwandiko mdogo wa kalamu ya risasi, kulikuwa na maneno: kwa mama wa mapacha, kwa fundi viatu, kwa mke wa mhasibu, kwa mama wa mapacha tena.

"Mama, haya ni nini?"

"Hapo ndipo nilipokutana naye mara ya kwanza. Yule mama wa jiko la kijani, kwa mfano, alinikuta nimekaa sakafuni kwa mama wa mapacha, nashona upindo. Naandika ili nikienda kwake nijue nimpelekee salamu za nani."

Profesa alichukua mrundo wa vipeperushi vilivyobaki, akavigeuza upande mweupe, akavipanga mezani, akaanza kuchora mistari. Kutoka kwa mama wa mapacha, mistari saba. Kutoka kwa mmoja wa hao saba, mitano. Wifi akaja akasimama nyuma yake, akaanza kumsahihisha: huyu si mke wa mhasibu, ni wa zamani, wa sasa ni yule wa mapazia ya zambarau. Hadi mchana meza ilikuwa imefunikwa, na mistari ilikuwa imekimbilia kwenye kiti.

"Tangu lini umetangaza biashara, Mama?"

"Sijawahi. Mpaka mwezi huu."

"Umetangaza miaka kumi na miwili. Ukiwa umekaa chini, mlango wazi, na sindano."

Bi Pindo aliitazama meza, akaanza kucheka polepole, cheko lililoanzia mabegani. "Kwa hiyo mimi, na akili zangu timamu, nimejiachisha kazi nikamwajiri kigari."

"Na mimi nikakuachia utie alama zote," Profesa akasema. "Ningebisha zaidi."

"Ungebisha ningekufukuza sebuleni. Lete ule ukurasa."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu na ushei kabla ya jibu la Mzee Funguo. Hakukuwa na muda wa kusikitika, na Bi Pindo hakuwa na kipaji hicho. Alivuta kalamu, akakata gari. Akakata punguzo, na Wifi, aliyekuwa akilichukia punguzo kama mba, akapiga kofi moja la haki. Vipeperushi havikuhitaji kukatwa. Vilikuwa vimeshapata kazi nyingine. Bango likaachwa kwa kuwa kulishusha ni shughuli.

"Kupima bure kunabaki," Profesa akasema. "Kunakuingiza ndani. Na simu inabaki, ila si sisi tupige kelele kwenye kundi la watu. Mwenye nyumba akiridhika, apige picha ya dirisha lake aitume mwenyewe kwa majirani zake, na aseme siku gani unatundika kwa nani."

"Na mimi nakaa sakafuni."

"Wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha. Hivi vingine vyote vinakuletea viti."

Ikabaki kumwambia Shemeji. Bi Pindo alimfuata mwenyewe, akamkuta amelala kifudifudi juu ya paa la kigari anafuta spika kwa kitambaa laini. Alimweleza bila kuzungusha. Shemeji akakaa kitako, akajikuna kidevu, akatazama barabara kama mtu aliyefiwa.

"Kwa hiyo sauti yangu haikusaidia kitu."

"Imejaza duka, shemeji. Ila imejaza wa kule, mimi nataka wa hapa. Sasa sikiliza. Yule fundi wa keekee kila siku ana msiba. Nataka mtu wa ngazi na keekee, anayejua kusalimia watu kwenye korido."

"Mimi nina sauti, shemeji. Mabega sina."

"Sauti njoo nayo. Uiteremshe tu."

Jumamosi saa nne asubuhi waliingia ghorofa ya tatu. Bi Pindo mwenyewe ndiye aliyeufungua mlango wa nesi hadi mwisho, akauegemezea kiti. Shemeji alishusha mapazia, Bi Pindo akafumua upindo wa cherehani mbele ya nesi bila kuficha, akasema, "Hili kosa ni langu, si la wifi yangu, yeye alifuata nilivyomwambia." Wifi, aliyekuwa anashikilia ngazi, alitazama dari, lakini masikio yake yaliyapokea maneno.

Mapazia yakapanda tena, yakaachwa yashuke. Bi Pindo akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha, uzi mrefu kama kawaida yake. Hakuwa amepiga hata mishono kumi mwalimu wa mlango wa pili alipochungulia.

"Nimekuja kuangalia viti vyangu tu," mwalimu akasema.

"Viangalie ukiwa umevikalia," Bi Pindo akamjibu. "Viti havionekani vizuri kwa juu."

Mwalimu akakaa. Nyuma yake akaja mama wa ghorofa ya nne na mtoto mgongoni, kisha mabinti wawili wa ghorofa ya tano waliosikia vicheko kwenye ngazi. Shemeji, kwa sauti iliyoteremshwa hadi karibu ipotee, alikuwa kwenye korido akiwaambia wapitao kwamba mlango uko wazi, hakuna kiingilio. Wa tano kuingia alikuwa mwanamume mwembamba mwenye macho mekundu, aliyepiga mwayo kabla hajasema hodi.

"Mimi nakaa ghorofa ya pili," alisema. "Dirisha la taulo."

Wifi akasimama wima. "La simba?"

"La simba. La mke wangu, alishinda kwenye bahati nasibu. Yuko kwa mama yake anajifungua, nami ni mlinzi wa usiku. Nikirudi asubuhi jua lote liko kitandani kwangu. Nataka pazia la kunipa giza mchana." Akapiga mwayo mwingine. "Ningekuja dukani zamani, ila lile gari lenu. Kila nikipata lepe la usingizi, linapita. Siku kumi na mbili. Niliapa kwenu sitatia mguu."

Sebule nzima ikageuka kumtazama Shemeji, aliyekuwa mlangoni na ghafla ameanza kuikagua keekee kama daktari.

"Ni mimi, kaka," Shemeji akasema hatimaye. "Nisamehe. Lako nitalitundika kwa mkono wangu, na keekee nitaipiga ukiwa macho."

Mlinzi alimwangalia, akaona mtu mzima amenywea kama shati lililonyeshewa, akacheka kwanza yeye. Basi wote wakacheka. Bi Pindo hakuinua kichwa. "Lako linataka kitambaa cha pili kwa nyuma, kizito," alimwambia. "Profesa, andika. Na liende chini kabisa ya dirisha, jua lina tabia ya kuchungulia kwa chini."

Mama wa ghorofa ya nne alikuwa amekaa kimya akimbembeleza mtoto. Kimya hicho Bi Pindo alikuwa akikisikiliza muda wote.

"Na wewe, mwanangu? Umeyatazama haya mapazia kama mtu mwenye deni la maneno."

"Mimi nimeshanunua," yule mama akasema haraka. "Yale ya pakiti. Yamekaa juu juu kama suruali ya mtoto aliyerefuka likizo. Nimeshanunua, basi tena."

Wifi alifungua mdomo. Bi Pindo alimgusa kisigino kwa kidole chenye sindano, mdomo ukafunga.

"Kitambaa chake si kibaya," Bi Pindo akasema. "Nitapita nikuongezee mkanda chini, wa rangi iliyokolea zaidi, wa kiganja kimoja na nusu. Wageni wako watadhani uliagiza hivyo."

Profesa aliinama sikioni kwake. "Mama, huyo ni mteja wa wale wa duka kubwa."

"Huyo ni jirani wa hawa," Bi Pindo akamjibu, kwa sauti ya kawaida, akakata uzi kwa meno.

Mmoja wa mabinti wa ghorofa ya tano akauliza kama lile punguzo lililotangazwa bado lipo.

"Lilikuwepo, likaisha. Sasa nipo mimi."

Alipopiga fundo la mwisho, alimwomba nesi akae kwenye kochi lake, pale pale anapokaa akitoka kazini. Nesi akakaa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Pazia liliigusa sakafu kila mahali kwa kipimo kile kile, na sakafu ya nesi, ilionekana sasa, ilikuwa imelala upande kama mtu aliyeegemea kiwiko. Nesi alitoa simu, akapiga picha mbili, akaanza kuandika kwa vidole gumba viwili huku wengine wakimsomea juu ya bega na kumwelekeza aandike nini.

Siku hiyo waliondoka na vipimo vya nyumba tano. Jumanne Bi Pindo alikaa sakafuni kwa mwalimu, na watu wakajaa hadi mlangoni, maana mwalimu alikuwa na viti. Alhamisi, kwa mlinzi, ambako walizungumza kwa kunong'ona kwa kuwa mlinzi alikaa kuwasikiliza dakika kumi na akasinzia nao mle mle, pazia jipya likiwa limeteremshwa na giza limemfunika hadi kidevuni. Kwa mama wa ghorofa ya nne mkanda wa rangi ya damu ya mzee ulimpendeza kila mtu kiasi kwamba nyumba nne zenye mapazia ya majivu ziliomba mkanda wao, na mbili kati ya hizo, zilipoona kazi, zikaagiza mapazia mapya ya vyumba vya kulala. Wifi alijifunza kutundika mlango ukiwa wazi. Alivaa suruali ndani ya gauni, akawa anazungumza zaidi kutoka juu ya ngazi kuliko waliokaa chini, na habari alizoshuka nazo zilikuwa nyingi mno kuingia katika daftari lolote.

Siku ya mwisho wa mwezi, Mzee Funguo alisikika akija. Alikuwa na muuza simu, kijana nadhifu mwenye futi ya chuma ya kupimia rafu zake. Dukani mbele hapakuwa na mtu. Chumba cha nyuma cherehani zote tatu zilikuwa zinakimbia, na ya nne, ya kuazima, ilikuwa imebanwa kati ya ukuta na mrundo wa vitambaa kiasi kwamba aliyeitumia alilazimika kukaa ubavu.

"Bi Pindo yuko wapi?" mzee akauliza.

"Ng'ambo, ghorofa ya tano," Wifi akajibu bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Mlango uko wazi, panda tu. Kijana na futi yake anaweza kusubiri hapa, kama atapata pa kusimama."

Mzee alivuka barabara, akapanda ngazi za ghorofa tano akihema, akafuata vicheko. Sebule ya wale mabinti ilikuwa imefurika. Nesi alikuwepo, mwalimu alikuwepo, na katikati ya miguu ya watu alikuwepo mpangaji wake, sakafuni, sindano mdomoni, kitambaa cha bluu kimemmwagikia mapajani.

"Nimekuja kwa lile jibu," mzee akasema.

Bi Pindo alitoa sindano mdomoni. "Chumba cha nyuma nakihitaji, mzee wangu. Na kile cha ubavuni, anachowekea muuza rangi makopo matupu, akikiacha naomba niwe wa kwanza kuambiwa."

Mzee Funguo alisema ana haraka, kijana anamsubiri. Mwalimu akamsogezea kiti hata hivyo, mtu akampokea kofia, na alipokumbuka kwamba ana haraka alikuwa ameshakaa.

"Ukiwa hapo hapo," Bi Pindo akamwambia, akimpa ncha ya pazia, "nishikie hii kidogo. Usiivute."

Akaishika. Na Bi Pindo, akiwa tayari ameshatunga uzi mwingine, akamwuliza kwake madirisha yanatazama upande gani.